Kisima cha Tatu

Mwili wa mwalimu Fulgensi ulitolewa majini saa kumi na mbili na nusu asubuhi, Jumanne tarehe 10 Mei 1910, katika kitongoji cha Wakristo kando ya mto Lumemo, mwendo mfupi kutoka sokoni Ifakara. Aliyeutoa alikuwa Hermenegildi, na wema huo ndio uliomponza.

Dada yake, Verediana, alifika pale na mtungi kichwani, hana habari ya lolote. Alimkuta kaka yake amepiga magoti kwenye tope, nguo imelowa mpaka kifuani, amempakata marehemu kama mtu anayembembeleza mgonjwa.

"Kaka, umemkutaje?"

"Miguu juu, kichwa chini," alisema Hermenegildi, meno yakigongana. "Nimemvuta. Nimechelewa, dada."

Kitongoji kilikuwa na visima sita. Vilichimbwa mara baada ya ile njaa iliyofuata vita vya dawa ya maji, vikahesabiwa kuanzia kanisa la nyasi mpaka mashamba ya mpunga, na hiki kilikuwa cha tatu. Vyura walielea juu ya maji, matumbo meupe yakitazama mbingu. Mama mmoja aliyekuja kuteka alichovya kidole, akaonja, akatema mate.

"Machungu! Maji yamekuwa machungu kama nyongo!"

Watu waliokusanyika walirudi nyuma kwa pamoja. Kwa wiki mbili, kila alfajiri, walikuwa wakiiona nyota yenye mkia upande wa mawio. Tena Jumapili iliyopita Fulgensi alikuwa amewasomea kanisani ukurasa wa maono ya Yohane, ule wa nyota kubwa iwakayo kama mwenge, inayoanguka juu ya theluthi ya mito na chemchemi, maji yakageuka uchungu na watu wengi wakafa. Aliposoma neno hilo la theluthi aliona machoni mwa watu kwamba hawajalielewa, akachukua muwa, akaukata vipande vitatu sawasawa, akainua kimoja. "Theluthi ni hiki," alisema, kisha akampa Hermenegildi aliyekaa mbele, naye akakitafuna watu wakicheka. Halafu Fulgensi aliwaeleza kwa muda mrefu kwamba maono husema kwa picha. Nyota iliyoanguka inaweza kuwa mkubwa aliyeporomoka, na maji machungu yanaweza kuwa mafundisho yaliyooza. Watu waliitikia kwa vichwa. Lakini asubuhi hii hakuna aliyekumbuka maelezo. Walikumbuka nyota.

"Msikimbie," ilisema sauti ya upole nyuma yao. Alikuwa Teofili, mpiga kengele wa kanisa, aliyeshika nafasi ya mwalimu kila mwalimu alipokuwa safarini. Jumapili hakuonekana, alikuwa amelala na homa, na hata leo macho yake yalikuwa mekundu. "Imeandikwa, ndugu zangu. Nyota itatokea, na maji ya tatu yatakuwa machungu, na watu watakufa. Saa imefika. Tupige magoti."

Wengi walipiga magoti palepale kwenye tope. Wengine walikwenda majumbani kufunga mizigo. Verediana hakufanya hili wala lile. Alichuchumaa, akaupapasa mwili. Nyuma ya kichwa, kisogoni, vidole vyake vilikuta mfupa uliobonyea. Akatazama gogo lililolazwa mdomoni mwa kisima kwa ajili ya kukanyagia. Pembeni mwa gogo palikuwa na damu, na nywele chache zimenasa.

"Nyota haimgongi mtu kisogoni," alisema, ingawa hapakuwa na aliyemsikiliza.

Akida Mtoro alifika saa moja na robo, na askari wawili. Alikuwa mtu wa pwani, mwenye kanzu safi na usingizi mdogo, kwa sababu kila jambo la bonde lile lilimwangukia yeye. Alimtazama marehemu, akawatazama vyura, akamtazama Hermenegildi.

"Huyu si yule aliyebeba kibuyu cha dawa mwaka ule wa vita?"

"Ni mimi, bwana Akida," alijibu Hermenegildi. "Sijawahi kukataa."

"Mfungeni."

"Shikamoo, bwana Akida," Verediana alisema, akasimama katikati ya kaka yake na kamba.

"Marahaba. Ondoka hapo, mama."

"Kosa lake ni nini?"

Mtoro alimvuta kando, akashusha sauti. "Nisikilize. Mwalimu amekufa majini. Maji yamegeuka. Mbeba maji wa zamani amekutwa papo hapo amelowa chapachapa. Nikiandika haya, bwana mkubwa kule boma mlimani hataniuliza maji gani. Akiliona neno maji tu ataleta bunduki. Nikinyamaza, mwingine atamwandikia, na mimi nitakuwa mtu aliyeficha uasi. Afadhali aende mmoja."

"Hataenda mmoja. Unajua askari walivyofanya safari ile. Walichoma mashamba, na mpunga ndio huo umeanza kuinama."

Mtoro aligeuka kuyatazama mashamba.

"Barua inavuka mto lini?"

"Keshokutwa, Alhamisi, jua likichomoza."

"Nipe mpaka kesho alasiri nikuletee aliyefanya hivi."

"Wewe ni nani hata nikupe?"

"Mimi ni mtu niliyemzika mume na watoto wawili kwa ajili ya neno hilo moja ambalo hakuna aliyeuliza maana yake," alisema Verediana. "Safari hii nitauliza."

Akida alilitazama jua. "Kesho, saa kumi alasiri, barazani kwangu. Baada ya hapo natia muhuri."

Kazi ya kwanza aliifanya kwenye kisima chenyewe. Alifunga kulabu ya chuma kwenye mti mrefu, akakoroga chini mpaka ikanasa kitu kizito. Kilipotoka, kilikuwa mfuko wa ukindu ulioshonwa mdomo, na ndani yake majani yaliyotwangwa laini kama kisamvu. Alinusa. Ilikuwa utupa, ule mmea ambao wavuvi huutia kwenye madimbwi kulevya samaki. Akavizungukia visima vingine vitano, akaonja kila kimoja kwa ncha ya ulimi. Vyote vilikuwa vitamu.

Utupa ulimpeleka kwa Kudra, mvuvi aliyeishi ukingoni mwa mto mkubwa. Mwezi uliopita Kudra na Fulgensi walikuwa wametukanana hadharani, kwa sababu mwalimu aliwakataza watu kununua samaki waliouawa kwa utupa. Verediana alimkuta saa sita mchana anaziba ufa wa mtumbwi wake.

"Najua kilichokuleta," Kudra alisema kabla hajasalimiwa. "Habari imenifikia. Ndiyo, tuligombana. Ndiyo, utupa ninao. Lakini mimi nakula mto huu, sinywi damu ya mtu."

"Jana jioni mpaka leo asubuhi ulikuwa wapi?"

"Ng'ambo. Nimevuka na wapagazi wanane wa yule mfanyabiashara wa chumvi, tumelala huko. Waulize, wamepiga kambi pale sokoni."

"Nitawauliza. Hebu tazama hiki."

Kudra aliupokea mfuko, akachota majani kidogo, akayasugua kwa kidole gumba. Alitikisa kichwa.

"Hii si kazi ya mvuvi. Sisi tunaponda kwa jiwe kandokando ya maji, vikonyo na vyote, tunamwaga. Huu umetwangwa kwenye kinu, tena kwa subira. Na hakuna mvuvi anayeshona mfuko. Aliyefanya hivi alitaka uchungu utoke polepole, usiishe haraka."

Wapagazi wa chumvi walithibitisha maneno ya Kudra, mmoja baada ya mwingine. Kwa hiyo Verediana alimwondoa mvuvi moyoni mwake, akaenda kwa mjane.

Eufrasia alikuwa amekaa juu ya mkeka katikati ya wanawake, hana machozi tena. Verediana alimshika mkono, akangoja mpaka mwenzake alipoanza mwenyewe.

"Alitoka kabla ya kupambazuka," Eufrasia alisema. "Alisema anakwenda kuvitazama visima. Nikamuuliza, visima vina nini? Akasema, 'Kuna mtu moyo wake unanitia wasiwasi.'"

"Alimtaja?"

"Hakumtaja. Unamjua, dada, neno la mtu halikutoka kinywani mwake. Aliniambia tu kwamba mtu huyo alimjia jana mchana, akamuuliza kwa nini nyota imetokea wiki mbili sasa na maji bado ni matamu. Fulgensi akamjibu kwamba Yohane hakuandika tarehe za serikali, aliandika kuwatia moyo watu walioteswa. Mtu yule akalia. Akasema amechoka kungoja, hana aliyebaki."

"Hana aliyebaki," Verediana alirudia.

"Na hapa Lumemo nani amebakiwa na watu, Verediana? Hilo litakusaidia nini?"

Lilikuwa swali la haki. Verediana alirudi nyumbani nalo, akapika, akashindwa kula.

Jumatano asubuhi, baada ya maziko, alifungua kasha lake akatoa nakala yake ya ukurasa ule. Karatasi ya padre ilikuwa imekuja kutoka misheni ya mlimani mwaka uliotangulia, na watu wawili tu waliomba kuinakili. Yeye alinakili kwa macho, neno kwa neno, wiki nzima. Teofili, ambaye macho yake yalikuwa mabovu, alikaa mlangoni kwa Fulgensi akaandika kwa kusikiliza, mwenzake akisoma.

Aliisoma polepole, kidole chini ya kila neno. Alipofika kwenye theluthi, kidole kilisimama. Alichukua kijiti akachora vishimo sita kwenye udongo. Mtu anayetaka maono yatimie angeharibu theluthi ya visima. Theluthi ya sita ni viwili. Mbona kimeharibiwa kimoja? Na katika vyote sita, mbona si kile kilicho mbali na watu, mbona ni hiki cha tatu kilicho katikati ya nyumba, mahali pa kuonekana?

Ndipo aliposikia tena kichwani mwake sauti ya upole ya jana, juu ya tope. Maji ya tatu yatakuwa machungu.

Akakitupa kijiti. Teofili ndiye aliyewabeba watoto wake wawili kwenda kuzikwa, mwaka wa njaa, alipokuwa yeye hana nguvu ya kusimama. Alitamani awe amekosea. Aliinuka hivyohivyo, akaenda kumwomba Akida askari mmoja, wakaingia uani kwa Teofili wakati mwenyewe yuko kanisani anaongoza sala. Askari alikiinamisha kinu kuelekea jua. Ndani kilikuwa cha kijani mpaka kwenye nyufa za mti.

Saa kumi kamili baraza la Akida lilikuwa limejaa. Hermenegildi alikaa chini, amefungwa mikono. Barua ilikuwa juu ya meza, na nta ya muhuri kando yake.

"Sema," alisema Mtoro.

Verediana alisimama. "Bwana Akida, naomba kwanza kaka Teofili atusomee mstari wa maji machungu kutoka kwenye karatasi yake."

Teofili alitoa karatasi kifuani, imekunjwa mara nyingi mpaka imeraruka kwenye mikunjo. Aliisogeza karibu na macho. "'Nyota ikaanguka juu ya maji ya tatu, na maji ya tatu yakawa machungu, na watu wakafa.'"

"Sasa sikilizeni niliyonakili mimi. 'Theluthi ya mito. Theluthi ya maji.' Bwana Akida, wewe unalijua neno hilo."

"Nani asiyelijua?" alisema Mtoro. "Ni fungu moja katika matatu. Kwa sheria yetu mtu hausii zaidi ya theluthi ya mali yake."

"Kwetu huku halijulikani. Teofili alilisikia likisomwa, hakulijua, akaandika alilolidhania. Aliyetia utupa kisimani hakutafuta fungu moja katika matatu. Alitafuta maji ya tatu, akayapata."

Minong'ono ilipita barazani. Mtoro aliinua mkono. "Hiyo haitoshi. Hata aliyesikia tu kanisani anaweza kukosea hivyo. Hata huyu kaka yako."

"Kaka yangu ndiye mtu mmoja asiyeweza. Fulgensi alikata muwa vipande vitatu mbele ya watu wote, na theluthi yenyewe ikatafunwa na Hermenegildi. Kila aliyekuwa kanisani aliiona. Kudra hakuwepo, lakini hajui hata kilichosomwa, na usiku ule alilala ng'ambo na watu wanane. Anayeyajua maono haya na hakuuona muwa ni mmoja. Jumapili alikuwa na homa."

"Kinu cha mtu yeyote kinaweza kuwa cha kijani kwa kisamvu," Teofili alisema kwa sauti ndogo.

Vichwa viligeuka. Verediana alimgeukia taratibu.

"Kaka, hakuna aliyetaja kinu."

Teofili alitazama karatasi yake. Midomo yake ilisogea kama anayesoma tena. Kisha aliketi chini, pale pale aliposimama, kama mtu aliyetua mzigo.

"Wanne," alisema. "Watoto wanne na mama yao. Mnajua wote. Nilichimba mwenyewe, kila mmoja kwa siku yake. Halafu akaja padre na karatasi hii. Mwishoni pameandikwa kwamba kila chozi litafutwa, na kifo hakitakuwepo tena. Nikasema, basi nitangoja. Nyota ilipotokea nilimshukuru Mungu. Kila asubuhi nilikwenda kuonja maji ya tatu. Matamu. Kila asubuhi, matamu!" Alipiga goti lake kwa ngumi. "Nikaona labda andiko linangojea mkono wa mtu."

"Na Fulgensi?" aliuliza Mtoro.

"Alinikuta nimeshautumbukiza mfuko. Akanishika nguo, akasema tuutoe, hakuna atakayejua. Nilimsukuma. Akaanguka kichwa kwenye gogo, akateleza ndani."

"Alikuwa amekufa?" Verediana aliuliza.

Teofili aliikunja karatasi yake, akaikunjua tena.

"Maji yalikuwa yanatoa mapovu," alisema hatimaye. "Nilisimama pale. Nilikumbuka imeandikwa kwamba watu watakufa. Nikaona kama si mimi."

Eufrasia, aliyekuwa kati ya wanawake, alitoa mguno mmoja, akafunika uso kwa kanga.

"Ulikuwa wewe," alisema Verediana. "Ungenyoosha mkono angekuwa hai. Yohane aliona maji yakigeuka, Teofili. Hakumwagiza mtu ayageuze. Na hukuuliza neno. Theluthi maana yake mafungu mawili yanabaki! Katika maono yale yote ya kutisha, moto unakula theluthi, giza linakula theluthi, na kila mara mafungu mawili yanaachwa ili watu wageuke waishi. Hiyo ndiyo habari aliyotaka Fulgensi tuibebe nyumbani."

"Yanabaki?" Teofili alimwangalia kwa macho yake mabovu. "Mimi sikuona kilichobaki."

Hermenegildi alifunguliwa kamba na kamba ile ile ikamfunga mwingine. Mtoro aliichukua barua ya kwanza, akaichana vipande vidogo, akavuta karatasi mpya. Aliandika kwamba mtu mmoja, kwa kuchanganyikiwa na msiba, amemuua mwalimu wake na amekiri mbele ya mashahidi arobaini. Alipomaliza alimsomea Verediana. Neno maji halikuwemo.

"Jambo moja," alisema huku akitia muhuri. "Ule ukurasa uchomeni. Safari nyingine sitaweza kukusaidia."

"Bwana Akida, nakushukuru kwa yote," alijibu Verediana. "Lakini hilo hapana. Ukichomwa, watu watabaki na wanachokikumbuka, na umeona wanachokikumbuka."

Mtoro alikuna ndevu zake, akacheka kidogo bila furaha, akamruhusu aende.

Alhamisi jua lilipochomoza mtumbwi ulivuka na mfungwa. Wachache walikwenda kivukoni. Verediana alikwenda, kwa ajili ya wale watoto wawili, na Teofili hakuinua uso. Kutoka huko alipitia shambani kwa Fulgensi. Eufrasia alikuwa ameshaingia mpungani peke yake kufukuza ndege, sauti imemkauka. Wakasimama pamoja wakipiga kelele na kupunga vitambaa mpaka jua likawa kali.

"Jumapili watu watakuja kanisani," Eufrasia alisema walipokaa kivulini. "Hakuna mwalimu, hakuna wa kupiga kengele. Nani atasoma?"

"Nitasoma mimi."

"Ukurasa ule ule?"

"Ule ule."

Eufrasia aling'oa jani la mpunga, akalizungusha kidoleni.

"Basi soma polepole," alisema. "Ukifika kwenye neno wasilolijua, simama. Usiendelee mpaka wa mwisho wao ameelewa."